Bi Futi Alivyoligeuza Jukwaa

Kwa miezi saba Kaka Randa na Shemeji Godoro hawakusemezana. Wangekuwa wanaishi miji miwili tofauti, mtu angesema sawa. Lakini walifanya kazi katika karakana moja, chini ya bati moja, wakichovya brashi zao kwenye kopo moja la gundi. Kwa hiyo mzigo wote wa maneno yao ulimwangukia Bi Futi.

"Dada," husema Kaka Randa, akiwa amempa Godoro mgongo, "mwambie huyo anipishe nipitishe ubao."

Bi Futi huinua uso kutoka kwenye cherehani. "Shemeji, pisha ubao."

"Mwambie mwenye ubao," hujibu Godoro, mdomo umejaa pini, "njia ni pana, kilichozidi ni kiburi chake."

"Kaka, anasema karibu upite."

Alikuwa mkalimani wa kupunguza. Kilichozidi alikikata kikaanguka sakafuni pamoja na vipande vya vitambaa, na jioni alifagia vyote.

Kaka Randa alikuwa kaka yake wa tumbo moja, seremala, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne na ambaye hajawahi kumwacha asahau. Jina la Randa alilipata kwa ajili ya ulimi wake: ukizungumza naye dakika mbili unaondoka umepungua unene. Godoro alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa makochi. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya tumbo lake. La kazi alilikubali. Na Bi Futi aliitwa hivyo kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alishawahi kwenda nayo hadi msibani, na waliokuwepo wanaapa kwamba alimtazama marehemu kwa jicho la kukadiria.

Kazi yao ilikuwa ya kupokezana. Randa alitengeneza fremu, Godoro alijaza sponji, Bi Futi alishona kitambaa cha kuvika. Shida ni kwamba mto hauingii kwenye fremu kwa mtu mmoja. Unataka mikono minne na vinywa viwili vinavyoambiana "vuta huku, legeza kidogo". Basi tangu ugomvi uanze, fremu zilisimama uchi upande huu wa karakana, na mito ilirundikana upande ule hadi darini, vikitazamana kama wachumba waliokataliwa na wazazi. Zahanati iliagiza mabenchi kumi na mawili ya wagonjwa kukalia. Yote kumi na mawili yalikuwa tayari, nusu nusu.

Kisa chenyewe kilikuwa stendi ya mabasi. Manispaa ilitaka kuihamisha kutoka katikati ya mji, ipelekwe kule nyuma ya machinjio. Habari hiyo ilijadiliwa katika jukwaa la simu lililoitwa Yaliyojiri, lenye watu mia tatu na arobaini, ambako wenyeji walichambua habari za siku kama wanawake wanaochambua mchele, isipokuwa mawe ndiyo waliyoyabakiza. Randa alipinga stendi kuhama. Godoro aliunga mkono. Siku moja Godoro akaandika kwamba wapinzani wote ni misumari yenye kutu. Randa akajibu kwamba kuna watu vichwa vyao vimejazwa kile kile wanachouza, na tena wamenunuliwa na manispaa kwa bei ya jumla. Ikawa basi.

Jumatatu asubuhi Kaka Randa akasema, bila kumgeukia mtu, "Ijumaa mkokoteni unakuja. Nimepata chumba cha kazi karibu na kiwanda cha mbao. Nahama."

Bi Futi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akakosa tundu mara tatu.

"Unahama kwa ajili ya stendi?"

"Nahama kwa ajili ya heshima yangu. Siwezi kukaa na mtu aliyeniita msumari."

"Mwambie," Godoro akasema kutoka nyuma ya mito, "sikumtaja jina."

"Kaka, anasema hakukutaja jina."

"Mwambie nilijitambua!"

Bi Futi akacheka kidogo, kisha akaiweka sindano chini. Kazi angepata, nguo za kupunguza na kuongeza haziishi duniani. Ila kwa miaka ishirini na miwili wale wawili walikuwa wamebishana juu ya kichwa chake kuhusu kila kitu, mpira, mvua, bei ya sukari, kama samaki analala au halali, na yeye alicheka hadi mshono ukaenda mrama. Mumewe alipofariki, ni wao waliokaa naye, mmoja kulia mmoja kushoto, na siku ya tatu wakaanza kubishana nani kati yao marehemu alimpenda zaidi, mpaka mjane akashika mbavu. Sasa akatazama upande wa fremu, akatazama upande wa mito, akaona jinsi chumba kitakavyokuwa Jumamosi. Kimya kama sanduku.

Mchana huo akaja Nesi wa zahanati kuulizia mabenchi yake. Nesi ndiye aliyeanzisha lile jukwaa la Yaliyojiri, na alikuja amekunja uso.

"Bi Futi, nimechoka. Mchana kutwa nachoma watu sindano. Nikishika simu nakuta wamechomana wenyewe. Leo nalifunga."

"Usilifunge. Nipe mimi."

"Wewe? Si unaandika kwa kidole kimoja!"

"Na mkasi nashika kwa mkono mmoja. Umeshawahi kuona nimeshindwa kukata?"

Nesi akacheka. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na Bi Futi akawa admini wa watu mia tatu na arobaini, wakiwemo kaka na shemeji.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kusoma kanuni. Zilikuwa ishirini na saba. Nesi alizinakili kutoka tangazo la ukutani pale zahanati, akabadilisha neno "mgonjwa" kuwa "mwanajukwaa". Kanuni ya kumi na tisa ilimtaka kila mwanajukwaa afike asubuhi na mapema na sampuli ya choo. Ilikuwa imekaa pale miaka miwili na hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyesoma.

Bi Futi akavaa miwani, akatoa kidole chake, na baada ya robo saa nzima ya jasho akatuma:

"Kanuni za zamani nimezifuta zote, hata ile ya choo. Za sasa ni hizi. Gonga hoja, mwenye hoja mwache na afya yake. Ukileta habari, sema nani kasema, lini na wapi. 'Nimesikia' si mtu wala si mahali. Ukishasema, subiri wengine wawili waseme ndipo urudi. Atakayevunja anatoka nje hadi kesho saa ile ile, awe nani awaye. Mwenye rufaa aje dirishani kwangu na kifungo kimoja cha shati. Nimepungukiwa."

Karani wa Mahakama, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya mawakili na kwa hiyo alijiona ni wakili, akauliza kama kifungo si rushwa. Bi Futi akamjibu kwamba rushwa hutolewa kwa siri, na hiki kitapokelewa dirishani mchana kweupe mbele ya wapita njia.

Wa kwanza kuliwa alikuwa Kinyozi.

"Nimesikia soko litafungwa," aliandika.

"Nani kasema?" akauliza admini.

"Watu."

"Watu gani?"

"Wateja wangu."

"Lini?"

"Nikiwanyoa."

Nje. Baada ya dakika kumi Kinyozi alikuwa dirishani, kifungo mkononi na shati limeachama kifuani.

"Si ungeleta kilicholegea nyumbani," Bi Futi akamwambia, "kuliko kujivua nguo barabarani."

"Nilikuwa na haraka, Bi Futi. Kule ndani wanajadili bei ya mafuta bila mimi!"

Rufaa ikasikilizwa, ikatupwa, kifungo kikabaki. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa na habari. Watu walijiunga ili tu kuona nani atatolewa, na wengine walianza kuandika vizuri kwa kuogopa mashati yao.

Jumanne saa nne, Kaka Randa akaandika kwamba wanaotaka stendi mpya ni vipofu wenye miwani. Bi Futi, ambaye alikuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwake, akatazama simu, akamtazama kaka yake, akabonyeza.

Randa akagonga simu yake kwenye meza. "Mbona hii haiendi?"

"Umetoka."

"Nimetoka wapi? Mimi nipo hapa!"

"Umetoka jukwaani, kaka. Umegonga watu badala ya hoja. Rudi kesho saa nne."

"Dada! Mimi nimekubeba mgongoni!"

"Na ukanidondosha. Kovu ninalo."

Nyuma ya mito kukasikika Godoro akicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Alipopata pumzi akaandika jukwaani kwamba hatimaye msumari umeng'olewa. Naye akatoka. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba, wanaume wale wawili walikuwa na jambo moja la pamoja: walikaa mchana kutwa, kila mmoja na simu bubu mkononi, wakimtumbulia macho mwanamke yule yule.

Lakini Bi Futi hakuridhika. Kuwafunga midomo aliweza. Kazi hiyo hata mkanda wa gundi unaiweza. Ijumaa ilikuwa inakuja na mkokoteni wake.

Jumatano akaja mteja na koti. "Linanibana kwapani, Bi Futi, na kwa nje sioni kosa."

"Kwa nje huwezi kuliona," akasema, akalishika koti kwa mabega akaligeuza, bitana juu. Palepale akaliona: mshono umekula kitambaa, uzi umerundikana kama mchwa. Alibaki amelishika lile koti lililogeuzwa, ametulia, mpaka mteja akauliza kama ni baya kiasi hicho.

"Ni zuri sana," akasema Bi Futi. "Ni zuri mno."

Kidole kikaanza kazi. "Tangazo. Kesho Alhamisi kuanzia saa nane mchana ni Geuza. Mada ni stendi. Kila mtu atatetea upande anaouchukia. Na hutahesabiwa umesema mpaka mmoja wa upande huo akuandikie: umenisema, yaani umesema yaliyo moyoni mwangu. Asiyeweza akae kimya, tutajua uwezo wake ulipoishia."

Jukwaa likawaka moto. Karani wa Mahakama akasema hata mahakamani halijawahi kutokea. Kinyozi akauliza kama anaweza kutetea pande zote mbili kwa kuwa ana wateja kote.

"Mimi nisifie stendi mpya?" Randa akapiga meza. "Bora nimeze msumari."

"Sawa, kaka. Nitawaambia umeshindwa."

"Nani kasema nimeshindwa?"

"Basi hutaki."

"Sijasema sitaki! Nimesema bora nimeze msumari!"

"Mwambie," Godoro akasema, "mimi naweza kutetea upande wake usingizini, maana ndivyo yeye anavyoutetea."

"Kaka, anasema na yeye atashiriki."

Alhamisi saa nane mchana karakana ilinyamaza. Nyundo zilikuwa chini. Randa alikaa kwenye rundo la mbao akielekea ukutani. Godoro alikaa kwenye mito akielekea mlangoni. Ilisikika milio ya herufi tu, na mara mojamoja mtu akipumua kama anayepanda kilima. Randa akamaliza kwanza. Bi Futi alisoma huku midomo inamtembea.

"Mimi ninayetaka stendi ihame nasema hivi. Asubuhi mabasi kumi na moja yanaziba lango la zahanati. Jumatatu hii mama mjamzito alishuka ng'ambo ya barabara, akavuka katikati ya honi, akasimama kupumua, na kondakta anampigia kelele asogee. Aliyemshika mkono na mkoba akamvusha ni fundi makochi mmoja mnene aliyeacha kazi yake mezani. Nilimwona dirishani. Alirudi anatoka jasho, hakumwambia mtu. Mtu anayeona hayo kila siku akitaka stendi ihame, hajanunuliwa na yeyote."

Bi Futi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa na vumbi. Kabla hajaivaa vizuri, simu ikalia tena. Ilikuwa ya Godoro.

"Mimi ninayepinga nasema hivi. Manispaa mlipima umbali kwa gari. Pimeni kwa goti. Kuna seremala mmoja goti lake la kushoto linalia kila akipanda ngazi au kuinuka; watu wakigeuka, yeye husema ni kiti. Anakuja kazini kwa basi, anashuka, hatua arobaini, amefika. Stendi ikienda machinjioni, hizo arobaini zinakuwa elfu nne. Hatawaambia kwamba linamuuma. Atawahubiria historia ya mji na haki za wafanyabiashara, na hayo nayo ni ya kweli. Lakini wazee wenye magoti ni wengi, na kwenye mkutano wa manispaa hakuna goti lililopewa nafasi ya kusema."

Jukwaani watu wote walinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea hata umeme ukikatika. Kisha, polepole, neno likajitokeza kutoka kwa Godoro: "Umenisema."

Randa akashika simu. Akaandika, akafuta. Akaandika.

"Umenisema. Ila goti ni la kulia."

Pongezi zikamiminika. Karani alimtetea dereva wa basi vizuri hadi dereva mwenyewe akaomba nakala. Kinyozi aliandikiwa "umenisema" na watu wanne. Bi Futi akageuka kutazama karakana yake, akitegemea kuona wanaume wawili wameshikana mikono.

Walikuwa wamepeana migongo kama kawaida. Randa akaanza kufunga patasi zake ndani ya gunia, moja moja. Godoro akatia pini mdomoni.

"Kaka," Bi Futi akasema kwa sauti ndogo, "mkokoteni bado unakuja?"

"Nilishaahidi."

Bi Futi akachukua gauni la mteja wa mtaa wa pili, akatoka kulipeleka, maana hakutaka waone uso wake. Na katika kutoka huko akafanya kosa ambalo admini mwenye vidole kumi asingelifanya. Hakuandika Geuza imekwisha. Hakusema saa ya kufunga wala hakuwaambia watu wageuke tena. Koti lilibaki bitana nje.

Muuza Magazeti alikuwa amesafiri tangu Jumanne. Aliporudi Alhamisi jioni akafungua simu, akasoma kuanzia chini kama wafanyavyo wenye haraka, akashika kichwa. Ijumaa asubuhi ubao wake wa chaki, ule anaoandikia habari kubwa ya siku mbele ya kibanda, ulisomeka hivi: SEREMALA RANDA AKUBALI STENDI MPYA. GODORO AGOMA.

Saa tatu mkokoteni ulikuwa mlangoni, umeshabeba msumeno na gunia la patasi, na mwenye mkokoteni anasubiri meza. Hapo ndipo alipoingia Diwani na wapambe wawili, akitabasamu tangu barabarani. Akamfuata Randa moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu! Nimesoma maneno yako nikalengwa na machozi. Mtu mwenye msimamo kama wewe kubadilika, huo ndio ukomavu! Mkutano ujao nitakukalisha mbele."

Nyuma yake mlangoni walikuwa wamejaa wachuuzi wa stendi, wakiongozwa na mama mmoja, Muuza Karanga. "Randa! Umetuuza! Jana tu ulikuwa wetu!"

Kaka Randa akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mtu aliyekuwa na jibu la kila mwanadamu alisimama pale, mkono wake ukitikiswa kama pampu, na macho yakamtoka.

Ndipo mito ikaporomoka na Godoro akatokea katikati yake.

"Mheshimiwa, achia mkono huo! Umeshika mtu siye!"

"Siye vipi? Si huyu Randa?"

"Ni Randa, lakini hajakubali kitu! Huyu akubali stendi mpya? Huyu ni mbishi tangu tumboni, muulize dada yake. Nina miezi saba ya ushahidi humu kwenye simu. Amepinga asubuhi, amepinga mchana, amepinga akiwa na homa! Usimvunjie mtu jina lake!"

Diwani akamtazama kwa mashaka. "Kumbe wewe ndiye Godoro. Wewe ndiye uliyegeuka ukaanza kupinga mradi."

"Nani, huyu?" Sauti ya Randa ikarudi yote kwa pamoja. Akauchomoa mkono wake. "Huyu apinge? Mheshimiwa, huyu anaipenda stendi mpya kuliko anavyompenda mkewe! Ana sababu sita, nikuambie zote? Ya kwanza lango la zahanati, ya pili moshi..."

"Ya pili ni mitaro," Godoro akamkatiza. "Moshi ni ya tatu."

"Moshi ni ya pili, uliiandika mwezi wa tatu!"

"Unanifundisha sababu zangu mwenyewe?"

"Na wewe si ulinifundisha goti langu? Nilikuambia ni la kulia!"

"La kushoto! Nakuona kila siku! Panda stuli hiyo hapo tuone."

"Napanda!"

Akapanda. Watu wote walisogea, hata mwenye mkokoteni. Goti la kushoto likalia kwaa, likasikika hadi barabarani.

"Ni kiti," akasema Randa kutoka juu.

Hapo hapakuwa na mtu aliyebaki amesimama wima. Muuza Karanga alimshika Diwani bega ili asianguke. Godoro alicheka akiwa amekaa sakafuni, na Randa akajaribu kukunja uso, ukamshinda, akaanza naye kucheka, akiwa amekwama juu kwa kuwa kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda.

"Nishike basi, wewe," akasema.

Godoro akainuka akamshusha.

Bi Futi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Hakuthubutu hata kukohoa. Walikuwa wanasemezana robo saa nzima na hakuna kati yao aliyegundua, na alijua kwamba mtu akiwakumbusha tu, kiburi kitarudi mbio.

"Jamani," Diwani akasema, akifuta macho, "sasa nani anataka nini?"

Bi Futi akaeleza yote: koti, Geuza, na kosa lake la kusahau kuwageuza watu tena. Diwani akasikiliza, akajikuna kidevu. "Na mimi mnaweza kunigeuza?"

"Sema upande wa huyu," Bi Futi akamwonyesha Muuza Karanga. "Mpaka yeye mwenyewe akubali."

Diwani akajikohoza. Mara ya kwanza akaanza na "katika kuleta maendeleo endelevu", na Muuza Karanga akatikisa kichwa. Mara ya pili akasahau kabisa kwamba wateja wa karanga ni abiria. Mara ya tatu akavua miwani ya jua, akamuuliza kwanza mama yule huwa anauza saa ngapi, na kwa nani, na akihamia machinjioni atauza kwa nani. Kisha akasema, kwa maneno mafupi.

"Hapo umenisema," akajibu Muuza Karanga. "Sijakupigia kura bado, lakini umenisema."

Diwani aliondoka ameahidi kutembea kwa miguu kutoka machinjioni hadi mjini kabla ya mkutano, na wachuuzi wakaahidi kumsindikiza ili asipande gari njiani.

Mwenye mkokoteni alikuwa bado mlangoni. "Mzee, meza napakia au sipakii?"

"Subiri kwanza," Randa akasema bila kumtazama. "Sijamalizana na huyu. Mtu anasema mitaro ni ya pili!"

"Utamalizana naye lini?"

"Ana kiporo cha miezi saba," Godoro akajibu. "Mwenye mkokoteni, wewe nenda tu. Hilo gunia na huo msumeno vishushe hapo karibu na dirisha."

Randa aliliona gunia likishushwa. Akachukua benchi la kwanza, akaliburuta hadi katikati ya chumba. "Kuliko kubishana mikono mitupu," akanung'unika, "lete huo mto. Na ushike vizuri, shemeji, kona yako huwa inalegea."

"Kona yangu? Fremu yako ndiyo iliyopinda!"

Bi Futi akageukia dirisha, akatoa simu, na kidole chake kikaanza safari. Mara mbili ilibidi asimame, kwa kuwa mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Sahihisho la ubao wa leo. Seremala Randa anapinga stendi mpya. Godoro anaiunga mkono. Hakuna aliyehama upande wala karakana. Muuza Magazeti yuko nje hadi kesho kwa kuandika habari bila kusema lini na wapi ilisemwa. Na admini aliyesahau kuwageuza tena naye anatoka hadi kesho saa ile ile. Nesi atashika funguo. Mafundi wote wawili wapo kazini, tafadhali msiwapigie."

Randa akainamisha kichwa juu ya bega la dada yake, akasoma kwa sauti. "Dada, mbona hujaandika kwamba mimi ndiye niliyeshinda?"

"Ulishinda nini wewe?" akauliza Godoro, akaachia kona ya mto ili apate mikono ya kubishania.